Ulimwambia nani kwanza?

Daftari la kituo chetu cha kolera lina safu za jina, umri, mtaa, saa ya kufika, kiwango cha kuishiwa maji na idadi ya mifuko ya maji ya Ringer ambayo mgonjwa ametundikiwa. Safu ya siku dalili zilipoanza ipo pia. Mimi huuliza swali moja zaidi ambalo halimo, na jibu lake naliandika kwa penseli pembeni: ulimwambia nani kwanza?

Nilisomea uuguzi. Baadaye nikahamishiwa kazi ya msaada wa kisaikolojia na kijamii, na hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, tunaofanya kazi hiyo tunaitwa APS, herufi tatu za Kifaransa ambazo mgonjwa hana haja nazo. Yeye ananiita dokta, kama anavyomwita kila aliyevaa koti jeupe. Wenzangu wanashika mshipa, mimi nashika mazungumzo. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitoka Kadutu kwenda Bagira na kurudi, kolera ikiingia na kutoka, halafu Ebola katika mkoa jirani, halafu mpox. Kinachonishughulisha zaidi ya vijidudu vyenyewe ni zile saa ambazo mtu anajijua mgonjwa na amenyamaza.

Kolera haina subira. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa. Akiwahi kutibiwa, hatari ya kufa inashuka chini ya asilimia 1. Akiachwa, karibu nusu ya walioshikwa vikali wanaweza kufa. Kwa hiyo saa sita za kunyamaza ni nyingi mno kwake, na ni nyingi kwa majirani pia, maana muda wote huo anaharisha na kutapika mahali ambapo hakuna klore wala anayenawa.

Siku moja aliletwa mama wa mtaa wa Nyamugo, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Macho yameingia ndani, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Alianza jioni, baada ya kutoka matangani kwa jirani. Nikamuuliza alimwambia nani kwanza.

“Sikuambia mutu, dokta. Ningesema ni kwao nilikula, vita ingeanza.”

Alikuwa ameshajipa jibu kwamba ni karuho. Asiyeishi Kivu huenda halijui jina hilo: ni sumu ambayo watu wanaamini mtu mwenye kijicho anaitia katika pombe au chakula, na kila mtaa una mganga wake wa kuitoa. Mama yule alikwenda kwa mganga usiku, kwa kificho, akapewa dawa ya mitishamba ya kumtapisha. Mtu anayekauka maji, akaongezewa kutapika! Ndoo yake ikamwagwa mferejini, na mifereji ya Nyamugo inashuka mlima moja kwa moja hadi wanakochota wengine bomba la Regideso, shirika la maji, linapokauka. Wiki hiyo tulipokea wagonjwa kutoka nyumba za chini ya pale. Siwezi kuapa kwamba chanzo ni ile ndoo, lakini njia yenyewe ndiyo hiyo.

Wanaokuja kutufundisha hulitaja karuho kama ujinga wa kuondolewa kwa mabango. Mimi naliona kama kipimo. Miezi ambayo mji umetulia, wanaolitaja ni wachache. Mji ukichafuka, wapangaji wapya wamejaa, kila mtu hajui jirani yake yuko upande gani, karuho linapanda katika maelezo ya wagonjwa kabla hata kolera haijapanda katika takwimu. Sibishani na mgonjwa juu yake. Namwambia, “Mama, ikuwe sumu, ikuwe kolera, maji imekutoka. Nipe mkono nikurudishie.” Daktari mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa akikunja uso akinisikia, alitaka ukweli wa kisayansi utangulie. Mimi nataka mshipa utangulie, ubishi tutaufanya akiisha kukojoa.

Hapa niseme kidogo juu ya mwili wenyewe, kwa kuwa watu huniuliza kama mawazo mengi yanaweza kumletea mtu ugonjwa wa kuambukiza. Yanaufungulia mlango. Hofu ya muda mrefu inafanya tezi zilizo juu ya figo ziendelee kumwaga kotisoli, na kotisoli ikikaa juu siku nyingi inazilegeza chembe zinazolinda mwili. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Uingereza: watu 394 wenye afya walitiwa puani virusi vya mafua kwa hiari yao. Kati ya waliokuwa na msongo mdogo kabisa, asilimia 27 ndio waliougua. Kati ya waliokuwa na msongo mkubwa kabisa, asilimia 47. Miaka mitano baadaye, huko Marekani, Janice Kiecolt-Glaser na wenzake walionyesha kwamba wazee wanaouguza wenzi wao waliopoteza kumbukumbu walitengeneza kinga dhaifu baada ya chanjo ya mafua kuliko wenzao wasio na mzigo huo.

Utafiti huo nauamini, lakini siupi uzito ambao wengine wanaupa. Kolera inaingia kwa maji na chakula, na mtu wa mtaa wa Cimpunda anayepanda mlima na bidoni la maji kichwani tangu saa kumi za usiku hahitaji kuambiwa kwamba tatizo lake ni msongo wa mawazo. Hilo lingekuwa tusi. Nikipima kwa niliyoyaona, dhiki inaeneza mlipuko zaidi kwa kupitia miguu, mikono na mdomo kuliko kwa kupitia damu. Inaamua mtu atakimbilia wapi, atalala na nani chumba kimoja, atamshika nani, atamficha nani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo ya vita mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Ukichukua mtu huyo ukamwambia ajitenge, ahesabu siku 21 na ataje wote aliogusana nao, unamdai utulivu ambao hana.

Februari 2025 ilitufundisha hayo kwa wiki moja. Tarehe 14 uwanja wa ndege wa Kavumu ulitekwa, na tarehe 16 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walikuwa wameshika mji. Katikati ya siku hizo Bukavu haikuwa na mwenyewe. Gereza kuu likafunguka, maghala yakavunjwa, yakiwemo ya Mpango wa Chakula Duniani (WFP) ambamo maelfu ya tani za chakula zilibebwa, benki zikafunga milango na kukaa hivyo. Wagonjwa wa mpox waliokuwa wodini walisikia risasi kama sisi tulivyozisikia.

Nilikuwepo mama mmoja alipoondoka. Mtoto wake alikuwa na malengelenge usoni na viganjani, mengine bado yanatoa maji. Alimfunga mgongoni, akamvutia kitenge hadi juu ya utosi ili njiani mtu asimwone uso, akaniomba paracetamol na glavu mbili. Kila tulichomfundisha alikuwa anakijua. Alijua ngozi kwa ngozi inaambukiza, alijua zile glavu ni za nini. Alikuwa na hofu mbili akaikimbia iliyo kubwa, na mimi katika nafasi yake ningefanya hivyohivyo. Alikwenda Panzi kwa wifi yake, ambako tayari walikuwa wakilala wengi chumba kimoja, godoro kwa godoro.

Baada ya hapo tukashika karatasi za kufuatilia watu waliokutana na wagonjwa, tukapiga simu. Nyingi zimezimwa. Wengine walitoa kadi za simu kwa kuogopa kusachiwa barabarani, wengine walivuka mto Ruzizi wa mpakani. Africa CDC, kituo cha Afrika cha kudhibiti magonjwa, kilisema zaidi ya wagonjwa 500 wa mpox walikimbia vituo vya mashariki ya Kongo katika wiki hizo. Na mpox ni ugonjwa ambao kutunzwa tu, bila dawa ya ajabu, kunaokoa: katika jaribio la dawa ya tekovirimati lililofanyika Tunda na Kole, hapahapa Kongo, matokeo yake yakatolewa Agosti 2024, dawa haikufupisha muda wa vidonda, lakini waliokufa kati ya wote waliolazwa na kutunzwa vizuri walikuwa asilimia 1.7, wakati katika nchi nzima vifo vilikuwa asilimia 3.6 au zaidi. Aliyekimbia alipoteza chakula, usafi wa vidonda na jicho la muuguzi, na hayo ndiyo yalikuwa dawa.

Watu husema mpox ya aina hii mpya ililetwa na uasherati wa Kamituga. Ni kweli kwamba aina ya Ib ilionekana kwanza huko, katika mji wa dhahabu wa wilaya ya Mwenga, Septemba 2023, na katika utafiti wa kwanza kati ya watu 108 waliothibitishwa asilimia 29 walikuwa wanawake wanaouza miili. Lakini nenda ukae nao. Chumba kinalipwa kwa siku, mwenye baa anadai kwa siku, dawa ya mtoto ilikopwa dukani. Mwanamke anaona kidonda sehemu za siri. Akisema, anatengwa wiki tatu bila senti na jina lake linaharibika machimboni. Asiposema, jioni anazima taa mapema. Mchimbaji naye, aliyelala shimoni akiogopa udongo usimwangukie, anatoka na gramu zake na haulizi maswali. Wakati Shirika la Afya Duniani linatangaza dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, virusi vilikuwa vimeshafika Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya. Mahubiri tuliyapeleka Kamituga mapema sana. Fidia ya siku za kutengwa sikuiona ikifika.

Kosa hili la kutanguliza mahubiri tulikuwa tumekwisha kulilipia Kivu ya Kaskazini. Ebola ilipokuwa Beni na Butembo, watafiti waliwahoji watu wazima 961 mnamo Septemba 2018. Robo yao hawakuamini kwamba ugonjwa upo, na chini ya theluthi moja ndio waliowaamini viongozi wa mahali. Watu ambao ndugu zao waliuawa kwa mapanga miaka na miaka bila mgeni kufika, ghafla wanaona misururu ya magari kwa ajili ya virusi. Desemba mwaka huo uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa moja ya sababu. Waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola Beni na wagonjwa wakatoroka. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani akauawa Butembo. Agosti ugonjwa ukafika kwetu, Mwenga, na wasafiri kutoka Beni. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa.

Kilichonigusa katika mapambano yale ni vitu viwili vidogo. Kimoja ni CUBE, chumba cha plastiki angavu cha shirika la ALIMA, ambacho ndugu anasimama nje na kumwona mgonjwa wake, anaona anachopewa, wanaongea. Kabla ya hapo mtu aliingizwa nyuma ya ua akatoka ndani ya mfuko, na nani asingesema wanamuua? Cha pili ni waliopona, walioajiriwa kuwalea watoto wachanga ambao mama zao wamelazwa. Mtoto anabebwa, mzazi anatulia, hatoroki.

Kwetu mambo ni ya kimaskini zaidi. Kwenye kolera tunamruhusu ndugu mmoja akae kando ya kitanda, tunamfundisha kumwaga klore ndooni na kunawa. Vyumba vya maombi, ambako watu wenye shida hukesha wiki nzima wakiwekewa mikono, hatuendi kuvifunga. Tunakaa na wachungaji, na baadhi yao sasa wanatuma mtu wa pikipiki akituletea anayeharisha kabla ya ibada kwisha. Kuna mchungaji mmoja ambaye bado anatufukuza. Wauguzi nao wana dhiki yao. Wanaokaa miezi bila mshahara wanachoka, na aliyechoka ananawa mikono haraka. Mkutano wao wa Ijumaa, wa kukaa na kulalamika tu, ndio kazi ninayoilinda kuliko zote, ingawa haionekani katika ripoti yoyote.

Na kuna mayunite, yaani vocha ya simu. Mgonjwa aliyelazwa ambaye hajui watoto wake wamelala wapi atachomoa sindano usiku na kuondoka, hilo nimeliona mara nyingi mno. Akipewa simu aongee nao dakika tano, mara nyingi anabaki. Yunite hizo ni rahisi kuliko mfuko mmoja wa Ringer. Mkaguzi wa mradi mmoja uliotufadhili alitaka kujua zinaingia mstari gani wa bajeti, maana si dawa, si vifaa, si usafiri. Tulijadiliana naye asubuhi nzima. Kwa sasa tunaziandika pamoja na sabuni.