Kuchanganua Kabla ya Kupanga: Namna ya Kufundisha Dhana ya Klasi

Ni desturi yetu walimu kumfunza mtoto kuchanganua sentensi kabla ya kumtaka apange maneno yake katika ngeli. Kanuni hiyo yafaa pia tufundishapo uandishi wa programu za kompyuta, somo ambalo limekwisha kubisha hodi katika shule za msingi. Nchini Kenya, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mtaala wake mwaka 2022. Katika makala haya twakusudia kueleza njia tuitumiayo kufundisha dhana ya klasi, yaani kiolezo cha vitu vya aina moja.

Dhana hii ina umri mkubwa. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard waliiingiza katika lugha ya Simula mjini Oslo, Norwei, mwaka 1967; leo imo katika lugha nyingi za kompyuta, Python ikiwa mojawapo. Wataalamu huitumia, pamoja na mengine, kusoma madaftari ya kasoro kama Bugzilla ya mradi wa Mozilla, iliyotolewa mwaka 1998. Humo kila hitilafu ya programu huwa na namba yake, maelezo yake na hali yake: ni mpya, inashughulikiwa, au imetatuliwa.

Mtoto wa shule ya msingi hajapata kuona daftari la namna hiyo, lakini amekwisha kuona kiti kilichovunjika. Kwa hiyo sisi huanza na daftari la vifaa vibovu vya shule. Mstari mmoja husomeka hivi: «14, kiti, Darasa la 4, kibovu». Wanafunzi huunakili katika kipande cha karatasi, kisha huukata kila penye mkato na kukipa kila kipande jina: namba, kitu, mahali, hali. Huko ndiko kuchanganua. Baadaye twachora ubaoni kiolezo chenye nafasi nne, tukakiita Kasoro. Hicho ndicho klasi. Na kila mstari uliojaza nafasi hizo ni mfano mmoja wa klasi hiyo.

Sasa lije jambo lenye uzito. Waambie wapange karatasi kwa hali, wakiiga mashine: maneno yasiyolingana herufi kwa herufi yasikae pamoja. Kiti ni «kibovu», meza ni «mbovu», dawati ni «bovu». Basi patatokea mafungu matatu badala ya moja. Fundi akipewa fungu la «mbovu» peke yake ataitengeneza meza, na mtoto wa kile kiti ataendelea kuketi sakafuni. Mwanafunzi ajuaye upatanisho wa kisarufi hung'amua mara moja kwamba shina ni moja, -bovu. Mashine haijui hayo mpaka ifundishwe.

Je, elimu hiyo tuiandike wapi? Tukiirudia katika kila sehemu ya programu inayohesabu au kupanga, hatutakosa kuisahau katika mojawapo. Tukiiweka ndani ya klasi, kila kasoro itaweza kutaja hali yake ya kweli kila iulizwapo, na kazi ya kupanga itakuwa nyepesi: chukua kasoro, iulize hali yake, itie katika fungu lake.

Na mstari uliokosa kipande? Mathalani, mwandishi amesahau mahali. Usitupwe hata kidogo, kwani kifaa chenyewe bado ni kibovu. Uwekewe fungu la «haikusomeka», nalo lipitiwe na mtu.

Mwishoni mwa somo, mwalimu aongeze mstari wenye «madirisha» na «mabovu», kisha aulize: tubadilishe wapi? Mwanafunzi atakayeonyesha kiolezo cha Kasoro, akaacha mafungu kama yalivyo, huyo ameelewa klasi ni ya nini.