Gidamis Shahanga na Uzawa wa Watu wa Hanang

Nilizaliwa Balangdalalu, na kila ninapopokea darasa jipya huwauliza wanafunzi wangu: Gidamis Shahanga ni nani? Muhula huu, katika ukumbi uliojaa, mkono mmoja tu uliinuka. Wengi walimjua John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akichechemea, goti limefungwa bandeji. Wanastahili kumjua. Lakini jirani yake wa Hanang alishinda dhahabu mara mbili, na habari zake zimefifia.

Shahanga alizaliwa Katesh mwaka 1957. Jina lake linaanza na Gida, kama majina mengi ya wanaume wa Kidatoga. Mwaka 1978, kabla hajatimiza miaka 21, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton, akimwacha Jerome Drayton wa Kanada mbele ya mashabiki wa kwao. Baadaye alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, pamoja na Suleiman Nyambui na Zakaria Barie. Mwaka 1982, mjini Brisbane, alitwaa dhahabu ya mita 10,000, Barie akishika nafasi ya pili. Siku chache baadaye yeye na Juma Ikangaa walijitenga na kundi katika marathoni, wakaongoza kwa muda mrefu kabla ya Robert de Castella wa Australia kuwapita. Mwaka 1984 alishinda marathoni ya Rotterdam.

Rekodi hii ninaisoma sambamba na nyingine. Katika miaka hiyohiyo, Kanada iliyomvisha Shahanga dhahabu ilikuwa ikifadhili mashamba ya ngano katika tambarare za Hanang. Mashamba saba ya Shirika la Chakula na Kilimo la Taifa, NAFCO, yalifikia takriban ekari 100,000. Wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho bora na njia za kwenda kwenye maji na chumvi. Matrekta yalipita hata juu ya makaburi ya wazee wao.

Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua hukumu hiyo; miongoni mwa sababu zake, wadai hawakuthibitisha kwamba walikuwa wazawa kwa maana ya sheria.

Naomba msomaji aitafakari sababu hiyo. Bendera ilipopandishwa Edmonton na Brisbane, hakuna aliyemdai mtu wa Hanang ushahidi wa uzawa wake. Ushindi wake ulitosha, na Watanzania wote tukasema ni wetu. Watu wa wilaya yake walipodai ardhi waliyoichungia mifugo, uzawa ukageuka jambo la kuthibitishwa.

Najua hoja ya upande wa pili: taifa lilihitaji chakula, na ngano ilikuwa ikinunuliwa nje kwa fedha za kigeni. Hoja hiyo ina uzito. Lakini haja ya taifa huweka wajibu wa kuzungumza na mwenye ardhi na kumlipa fidia; haiufuti uhusiano wake na ardhi hiyo. Na mfugaji anayehama kwa majira hajaiacha ardhi, amekwenda kuipumzisha. Hilo kila mtoto wa Balangdalalu hulijua kabla ya kujua kusoma.

Kwa hiyo, wanafunzi wanaosoma kesi ya Mulbadaw waisome pamoja na historia ya Shahanga. Wanaharakati wasimtaje mfugaji kama mhanga tu. Nanyi watumishi wa umma, mnaokalia mafaili ya mipango ya matumizi ya ardhi, kumbukeni kwamba hao mnaowaita wavamizi wanapopita na ng'ombe ndio tuliowaita Watanzania waliporudi na medali. Uraia wao haukuanzia kwenye medali, wala hauishii kwenye mpaka wa shamba.