Bi Harusi, Sikiliza Kwanza Kabla ya Kununua Sabufa



Mfunguo Mosi umeingia na harusi zimefuatana. Orodha za vyombo zinazunguka mikononi mwa mashangazi na masomo: kitanda, makochi, friji, jiko la gesi, sufuria za pilau, mazulia. Karibu na mwisho, kwa mwandiko wa haraka, huwa kuna neno moja tu: sabufa. Hakuna anayeuliza sabufa ya aina gani, itakaa wapi, na itasikilizwa nini. Mtu anatumwa dukani, anachagua yenye taa nyingi, basi.

Leo tunaomba tulizungumze neno hilo moja, kwa sababu katika nyumba ya Muislamu kifaa cha sauti si pambo. Ndicho kinachotuletea Qur'ani asubuhi, darsa baada ya Maghrib, na mawaidha ya Ramadhani. Tunataka kisemacho kisikike.

Sisi ni dada wawili, tunaishi na mama yetu katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe. Mdogo wetu wa mwisho anaolewa mwezi huu, inshaAllah. Mama amepita miaka sabini. Tangu tukiwa watoto wa skuli, baada ya Maghrib alikuwa hakosi kwenye kiti chake ukumbini, tasbihi mkononi, akisikiliza darsa. Mwaka jana akaanza kuondoka mapema na kwenda chumbani. Tulidhani ni uchovu. Tulipomuuliza alisema, "Nasikia sauti, wanangu, lakini maneno yananipita."

Maneno hayo yalitukaa moyoni. Mtu anaweza kukaa na watu wake na bado akawa nje ya mazungumzo yao, na mwisho akajiondoa mwenyewe ili asiwasumbue kwa kuuliza kila mara, "Amesemaje?" Ndugu na jamaa walitushauri tununue sabufa kubwa zaidi. Kabla ya kutoa pesa tulimwita fundi wa redio, mzee wa makamo. Hakugusa kifaa. Alisimama katikati ya ukumbi akapiga kofi moja kali, akanyamaza. Kofi lile likaendelea kulia kwenye kuta. Akasema, "Nyumba yenu inazungumza zaidi kuliko hiyo spika."

Mshindo si maneno

Sikio la binadamu mzima husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000. Mshindo wa ngoma na besi uko chini kabisa. Irabu, yaani a, e, i, o, u, ndizo zinazobeba nguvu kubwa ya sauti. Lakini kinachotofautisha neno na neno ni konsonanti, na nyingi kati ya hizo, kama s, sh, f, th na t, ni nyepesi na ziko juu, kupita hezi 2,000. Sema "shoka", "soka", "choka". Irabu ni zile zile; herufi ya mwanzo ndiyo iliyobadilisha maana yote.

Umri nao huanza kuchukua sauti za juu kwanza. Ndiyo maana mzee anaweza kulalamika kuwa unapiga kelele, na hapo hapo akasema hajasikia ulichosema. Ukiongeza sauti ya sabufa umemwongezea mshindo na irabu, na herufi alizozikosa bado anazikosa. Besi nzito pia hufunika sauti nyembamba, hata kwa sisi wenye masikio mazima.

Sasa fikirini kuhusu Qur'ani. Tunafundishwa makharij tangu chuoni: siin si saad, na thaa si siin. Qaf na kaf zikichanganywa, "moyo" unakuwa "mbwa". Mwalimu alituchapa kwa hayo! Halafu tunaiweka sauti ya qari kwenye kifaa kinachozipiga herufi zote rangi moja. Kama spika haiwezi kukuonyesha tofauti ya siin na saad, hiyo ni spika ya ngoma, haikufai kwa kisomo.

Chumba kwanza, kifaa baadaye

Nyumba zetu za mawe na chokaa zina kuta ngumu, dari la juu na sakafu ya saruji. Sauti inatoka kwenye spika, inagonga ukuta, inarudi, inagonga tena. Herufi ya kwanza inakuwa bado inazunguka wakati ya pili inatoka, na zinapandana. Nyumba mpya hazijanusurika. Marumaru sakafuni, dari la jipsamu, madirisha ya vioo na makochi ya ngozi ya plastiki ni vitu vizuri kwa macho, lakini kwa masikio ni kisima.

Dawa yake bi harusi tayari unayo kwenye orodha yako. Vitu laini na vizito hunyonya sauti: zulia nene, mapazia mazito yanayoteremka mpaka chini, makochi ya kitambaa, mito mingi, kabati la vitabu lililojaa. Kwetu tulitandika zulia katikati ya ukumbi, tukabadilisha mapazia mepesi kwa mazito, na nyuma ya kiti cha Mama tukatundika busati la zamani lililokuwa limekunjwa stoo. Tulipopiga kofi tena, lilikufa mara moja. Hatukuwa tumenunua kifaa chochote.

Jaribuni na nyinyi. Kabla ya kupanga nyumba mpya, simama katikati ya sebule tupu, piga kofi. Kisha rudia baada ya zulia na mapazia kuingia. Utaisikia tofauti kwa masikio yako.

Mahali pa kuiweka

Spika yetu ilikuwa juu ya kabati, kwenye kona, karibu na dari, kama zilivyo nyumba nyingi. Tunaogopa watoto na maji ya kudekia. Lakini kona huongeza besi, na sauti iliyo juu ya vichwa hufika sikioni ikiwa imeshapita kwenye kuta zote.

Tulifanya mambo manne, na hayana gharama:

Kwanza, tuliishusha hadi kwenye meza ndogo, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, ikimtazama Mama.

Pili, tuliisogeza karibu. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hupungua desibeli 6 hivi. Ndani ya chumba haipungui kiasi hicho, kwa sababu kuta huirudisha, lakini kanuni ni ile ile. Mita mbili kutoka kwenye kiti ni bora kuliko mita tano, na huhitaji kupandisha sauti kwa nyumba nzima.

Tatu, tuliiondoa kwenye kona na kuiacha mbali kidogo na ukuta, kisha kwa rimoti tukapunguza besi mpaka sauti ya sheikh ikawa kama ya mtu aliyekaa nasi.

Nne, kwa wenye spika mbili za waya: angalia waya mwekundu uende kwenye tundu jekundu na mweusi kwenye jeusi, pande zote mbili. Ukigeuza upande mmoja, besi inapotea na sauti ya msomaji haieleweki inatoka wapi. Na spika mbili zipangwe ili wewe na hizo mbili mfanye pembe tatu zenye umbali sawa.

Mama tulimpeleka pia hospitali kupimwa masikio. Spika si daktari, na mwenye mzee nyumbani asiliache hilo. Lakini usiku wa tatu baada ya kupanga ukumbi upya, sheikh kwenye darsa alitia utani kidogo katikati ya mawaidha, na Mama akacheka kabla yetu. Tukatazamana. Hakuna aliyesema kitu. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayetuambia tunyamaze.

Ukienda dukani

Usichague kwa macho, wala kwa taa, wala kwa namba iliyo kwenye boksi. Utaona wati elfu kadhaa zimeandikwa PMPO. Hiyo ni namba ya biashara. Haina kipimo kimoja kinachokubaliwa na wote. Tafuta neno RMS, kisha geuza kifaa nyuma usome kinatumia wati ngapi za umeme. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani hakiwezi kutoa elfu tano spikani. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 za kweli zinatosha na kubaki.

Chukua kisomo chako kwenye simu. Sisi tulitumia cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Yeye ndiye wa kwanza kurekodi Qur'ani nzima kwa murattal, mwaka 1961 kule Misri, na mwaka 1964 Cairo ikawa na idhaa maalum ya Qur'ani. Kisomo chake ni cha taratibu, kila herufi na haki yake, kwa hiyo kinaumbua kifaa kibaya haraka. Na rekodi nyingi za maqari wa zama hizo ni za chaneli moja. Maana yake, spika moja nzuri itakuhudumia kuliko tano hafifu, na pesa inayobaki ikanunua zulia.

Mwambie muuza duka apunguze sauti mpaka chini. Kila spika inajitapa ikipigwa juu. Nzuri ni ile ambayo hata kwa sauti ndogo unaweza kuandika neno kwa neno anachosema msomaji. Kisha uliza: ina betri? Waliokuwepo Unguja mwishoni mwa 2009 hadi mapema 2010 wanakumbuka karibu miezi mitatu bila umeme, na redio ya betri ndiyo iliyokuwa mwenzao. Uliza pia kama ina sehemu ya kuchomeka waya, kwa sababu betri ya simu huisha na Bluetooth hukatika.

Na sisi watu wa kisiwani tusisahau chumvi. Upepo wa bahari hula vichwa vya waya na matundu yake. Usiweke kifaa dirishani upande wa pwani, kifunike kwa kitambaa chepesi kikiwa kimezimwa, na mara kwa mara chomoa waya uzifute kwa kitambaa kikavu. Mkwaruzo mwingi tunaoudhani ni spika kufa, ni kutu tu.

Kwa wanaosikiliza kwa spika za masikioni: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75. Kama mwenzako aliyekaa kando anasikia unachosikiliza, huenda umeshapita.

Adabu ya kusikiliza

Yote haya ni maandalizi tu. Katika Suratul A'raf, aya ya 204, tumeamrishwa Qur'ani inaposomwa tuisikilize na tunyamaze. Na katika Bukhari na Muslim tunapata kisa cha Ibn Mas'ud, radhi za Allah zimfikie: Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimtaka amsomee. Akashangaa, amsomee vipi yule aliyeteremshiwa? Mtume akamweleza kuwa anapenda kuisikia kutoka kwa mwingine. Akasoma Suratun Nisaa mpaka aya ya 41, akaambiwa inatosha, na alipotazama akaona macho ya Mtume yanabubujika machozi. Kusikiliza, basi, ni ibada yenyewe.

Wengi wetu tukihamia nyumba mpya tunafungulia Suratul Baqarah. Ni jambo zuri, lakini kifaa hakichukui nafasi ya ulimi wako. Soma na wewe, hata ukurasa. Na usiiache ikisomwa huku mnagombana jikoni au mnasengenya. Kama kuna mazungumzo, izime kwa heshima, mkimaliza uifungulie.

Mkumbuke na jirani. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na ukuta wako ndio ukuta wake. Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume akiwa itikafuni aliwasikia watu wakinyanyua sauti kwa kisomo, akawakataza wasiudhiane. Kama hilo ni katika kisomo, msikitini, sembuse sabufa ya saa nane za usiku inayotikisa kitanda cha mgonjwa wa nyumba ya pili?

Kwa mdogo wetu tumelifuta neno "sabufa" kwenye orodha. Mahali pake tumeandika: spika moja yenye sauti safi na betri, zulia la sebuleni, mapazia mazito. Jumla yake haikuzidi bei ya lile dude la taa alilolitamani. Alinuna siku mbili. Kisha akauliza mkwe wake ana umri gani na atakaa kiti kipi, na tukajua ameelewa.

Bi harusi, nyumba unayokwenda kuiendesha itakuwa na mume aliyechoka, pengine mkwe mwenye masikio mazito, na baadaye, kwa uwezo wa Allah, mtoto anayejifunza herufi kwa kuzisikia. Ipange ili wote wasikie neno lile lile bila mtu kupiga kelele. Allah azijaalie nyumba zenu sakina, mawadda na rahma, na atujaalie miongoni mwa wanaosikiliza maneno wakafuata yaliyo mazuri yake. Amin.