Kushuka Nako ni Safari: Kutoka Basini Kuingia Treni ya Chini ya Ardhi Mjini Seoul

Mwezi wa Mei, 2024, nilikuwa miongoni mwa watumishi wa serikali waliopelekwa Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini, kwa mafunzo ya wiki nne. Tangu niliporudi nyumbani Uganda, ndugu na jirani wameniuliza mara nyingi juu ya maghorofa na maduka ya huko. Mimi hupenda zaidi kuwasimulia habari za jioni moja niliposhuka katika basi na kwenda kupanda treni ya chini ya ardhi, kwa maana jioni hiyo nilifunzwa jambo ambalo darasani halikutajwa.

Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja, mke wa askari polisi na mzazi wa watoto watatu. Siku ya tisa alishikwa na maumivu makali ya tumbo, akapelekwa hospitali iliyo ng'ambo ya mto Han. Madaktari wakaona kuwa ni kidole tumbo, na kwamba hapana budi apasuliwe usiku uleule. Katika haraka ile simu yake ilisahauliwa chumbani. Mwalimu aliyefuatana naye akatuarifu kwamba mgonjwa ataingizwa katika chumba cha upasuaji saa mbili na nusu usiku, na kwamba alikuwa na ombi moja tu: azungumze na mumewe kwanza. Nambari ya mumewe hakuikumbuka kichwani. Mumewe naye alikuwa zamu, hana habari yoyote, na desturi yake ilikuwa kumpigia mkewe kila siku atokapo zamu saa nane mchana. Saa nane mchana ya kwetu ni saa mbili usiku ya Seoul. Basi nikajitolea kuipeleka simu ile, nami nikatoka saa kumi na mbili na dakika hamsini jioni.

Saa hiyo ndiyo saa ya watu kutoka kazini, na barabara zimejaa magari. Mpokeaji wa nyumba yetu ya wageni akanishauri niache teksi, nipande basi la buluu hadi stesheni ya Gangnam, nichukue treni ya njia ya pili hadi Gangbyeon, kisha nipande basi la kijani hadi hospitali. Ushauri wake ulikuwa mwema, kwa kuwa katika barabara kubwa za Seoul mabasi yametengewa njia yao katikati, na magari mengine hayaruhusiwi kuiingia.

Ndugu msomaji, rangi za mabasi hayo si pambo. Basi la buluu hupita katika barabara kuu na kuunganisha sehemu za mji zilizo mbalimbali. La kijani huwachukua watu mitaani na kuwafikisha kwenye stesheni za treni. Jekundu huenda katika miji ya jirani. Mpango huo ulianza tarehe 1 Julai, 2004, wakati wakuu wa mji walipoyapanga upya mabasi yote na kuunganisha nauli yake na ya treni. Treni zenyewe ni za zamani zaidi, kwani njia ya kwanza ya chini ya ardhi ilifunguliwa tarehe 15 Agosti, 1974. Tangu mwaka 2004 abiria hutumia kadi moja tu, ambayo huiweka fedha kabla ya safari, akaigusisha kwenye kisanduku kilicho mlangoni mwa basi au kwenye lango la stesheni.

Nilipanda kwa mlango wa mbele kama wenyeji, nikaigusisha kadi, ikakatwa won 1,500. Tulipofika Gangnam nilishuka kwa mlango wa nyuma mbio mbio, mkono mmoja umeshika mkoba wenye simu ya mgonjwa. Niliwaona abiria wengine wakigusisha kadi zao tena walipokuwa wakishuka, lakini sikuuliza sababu. Nilidhani ni mazoea yao tu. Kwetu Kampala, ukishamlipa kondakta wa teksi, habari imekwisha. Ukishuka kwenye uwanja wa teksi na kupanda nyingine ya kwenda Entebbe, unalipa nauli mpya, wala hakuna atakayekuuliza ulitoka wapi.

Nikateremka ngazi hadi chini ya ardhi, nikafika kwenye malango, nikaigusisha kadi. Lango likalia, wala halikufunguka. Nikajaribu mara ya pili, likalia tena. Nyuma yangu watu wakaanza kuhamia malango mengine, bila neno wala kunitazama. Kioo kidogo kilionyesha won 1,200, na nauli ya treni ilikuwa won 1,400. Katika mfuko wangu mlikuwa na dola za posho tu, nayo mashine ya kuongezea kadi wakati ule ilipokea noti za won peke yake. Saa ya stesheni ilionyesha saa moja na dakika kumi na mbili.

Nikiwa nimesimama hivyo, akanijia kijana mmoja aliyevaa sare ya jeshi, begi mgongoni. Katika nchi ile kila mwanamume mwenye afya hupaswa kutumikia jeshi, na wanajeshi walio likizo huonekana katika treni kila siku. Hatukuwa na lugha moja ya kutosha. Akaichukua kadi yangu, akaiweka kwenye mashine, akatazama kioo, kisha akauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Basi?" Nikaitika. Akanyanyua kadi, akaigusa hewani akisema "kupanda", akaigusa tena akisema "kushuka". Halafu akatikisa kichwa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mjini Seoul nauli ya safari moja hutozwa kwa umbali, hata kama abiria amebadili chombo mara nne. Kilomita 10 za kwanza ni kwa nauli ya msingi, na kila kilomita 5 zinazozidi huongeza won 100. Lakini mashine haina macho. Haijui kwamba umeshuka mpaka uiambie kwa kadi yako. Ukiiambia, una dakika 30 za kupanda chombo kingine, nayo safari huhesabiwa kuwa moja. Kuanzia saa tatu usiku hadi saa moja asubuhi muda huo huwa dakika 60. Usipoiambia, huhesabiwa kama mtu anayeanza safari upya. Laiti ningaligusisha kadi mlangoni mwa basi, lango lile lingalifunguka bila kunitoza kitu.

Yule kijana akatoa noti mbili za won 1,000 katika mfuko wake, akaziingiza katika mashine, akanirudishia kadi yangu. Nikamwonyesha dola, akakataa kwa mikono miwili. Tukaingia pamoja, kwa kuwa naye alikuwa akienda Gangbyeon. Karibu na stesheni hiyo kuna kituo kikubwa cha mabasi yaendayo mkoa wa Gangwon, ulio mpakani mwa Korea mbili, na wanajeshi wengi hupita hapo wakienda likizo au wakirudi kambini.

Njia ya pili ni duara. Treni zake huuzunguka mji, nyingine kwa mkono wa kuume, nyingine kwa mkono wa kushoto. Mgeni akikosea upande atafika aendako, lakini baada ya kulizunguka karibu duara zima, nalo lina stesheni 43. Kijana alinionyesha upande wa Jamsil. Tulipoipita Jamsil treni ilitoka ardhini, ikapanda juu ya daraja, na mto Han ukatokea chini yetu, mpana, umejaa taa za magari yaliyokuwa yakipita kandokando. Behewa lilikuwa limejaa, lakini viti vya pembeni vilivyowekwa kwa ajili ya wazee vilikuwa vitupu, wala hakuna kijana aliyethubutu kuvikalia.

Gangbyeon tukagusisha kadi kutoka. Kijana akaninyooshea kidole kwenye ubao unaoonyesha nambari za milango ya kutokea, maana ukitoka kwa mlango usio wako utajikuta ng'ambo ya barabara, na basi lako linaelekea upande mwingine. Kisha akapiga saluti ya mzaha, akapotea katika umati. Sikuwahi kulijua jina lake.

Kituoni ubao wa umeme ulionyesha kwamba basi langu litafika baada ya dakika tatu, nalo likafika kama ulivyosema. Niligusisha kadi, ikakatwa won 100 tu, yaani tofauti ya nauli ya treni na ya basi. Niliposhuka niligusisha tena, mara mbili kwa hofu, mpaka dereva akanitazama katika kioo chake.

Nilifika wodini saa mbili kasoro dakika nne. Mama yule alikuwa amelala chali, macho yako mlangoni. Nikamkabidhi simu. Haikupita muda ikalia, nami nikatoka nje nikaufunga mlango. Upasuaji ulikwenda salama, na baada ya siku chache alirudi kati yetu.

Kwa ndugu yeyote atakayepelekwa Seoul kwa masomo au kazi, nasema hivi. Weka fedha za kutosha katika kadi, na uwe na noti chache za nchi ile mfukoni. Gusisha kadi unapopanda na unaposhuka. Soma nambari ya mlango wa kutokea kabla ya kupanda ngazi. Na ukiwaona watu wote wakifanya jambo usilolielewa, uliza. Kuuliza si ujinga.

Tuliporudi, mumewe alikuja kutupokea uwanja wa ndege wa Entebbe. Alinishika mkono kwa muda mrefu, kisha akataka kunirudishia nauli ya usiku ule. Nikamwambia deni si langu, kwani nauli iliyonifikisha ililipwa na askari mwenzake, won 2,000, naye hakuacha anwani. Alinyamaza kidogo, akaingiza fedha zake mfukoni, akasema, "Basi nitamlipa askari mwingine atakayekwama."