Mstari wa Kadi ya Mtoto

Sisi walimu wa Haydom twapenda kufundisha grafu kwa kadi ya kliniki, maana watoto wengi wanayo nyumbani. Mhimili wa chini wahesabu miezi, na ule wa kusimama wahesabu kilo. Mtoto wa miezi 4 ana kilo 6; afikapo miezi 6 ana kilo 7. Twatia nukta mbili, twaziunganisha. Kilo 1 iliyozidi twaigawa kwa miezi 2: mteremko ni nusu kilo kwa mwezi. Twauita mteremko, ingawa wapanda.

Nukta moja haisemi neno. Mtoto mzito aweza kuwa na mstari uliolala, na mwepesi akawa na mstari upandao. Huyo wa kwanza ndiye wa kuulizwa habari zake upesi. Tena kukua hupungua kasi kadiri ya umri; kwa hiyo twaulinganisha mstari wake na ile iliyochapwa kadini.

Haydom palikuwa pamoja na mahali pengine 7 duniani katika utafiti wa MAL-ED, ulioanza mwaka 2009; watoto walipimwa kila mwezi, tangu kuzaliwa hata miezi 24.

Basi, tuwafundishe wanafunzi wetu kuusoma mstari huu. Ajuaye kuusoma hangoji mtoto akonde machoni pa watu ndipo ampeleke kwa mganga.