Vipepeo wa Gede na Mndimu wa Uani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, nchini Kenya, hupitia Gede, ambako magofu ya mji wa kale wa Waswahili yamefunikwa na kivuli cha miti mikubwa. Jirani yake umetanda msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo lipatalo kilomita 420 za mraba. Zamani wakulima wengi wa kando ya msitu huo hawakuupenda. Tembo na nyani walitoka humo wakaharibu mazao, na ardhi ya kulima ilikuwa haitoshi. Hivyo wengi walitamani ukatwe.

Mwaka 1993 ulianzishwa hapo Gede mradi uitwao Kipepeo. Wanakijiji hukamata vipepeo majike wachache msituni, wakawatia katika vizimba vya wavu ili watage mayai juu ya majani. Viwavi hulishwa majani mabichi mpaka wajigeuze kuwa pupa, yaani ganda lililotulia tuli ambamo kipepeo huumbika. Pupa hao hununuliwa na mradi, nao hupelekwa upesi ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo, kabla ganda halijapasuka. Kwa njia hiyo msitu uliokuwa adui umekuwa mlezi: ukitoweka, mbegu ya vipepeo hutoweka, na mapato nayo hukoma.

Lakini si kila kipepeo huhitaji msitu. Katika ukoo wa vipepeo wenye mkia kama wa mbayuwayu yumo kipepeo wa michungwa, mweusi mwenye mabaka ya manjano, ingawa yeye hana mkia huo. Huyu huja mwenyewe mpaka uani. Jike huonja jani kwa miguu yake. Akiridhika kwamba ni la mndimu, mlimau au mchungwa, hutaga. Kusini mwa Afrika hutaga hata kwenye shamari. Kiwavi mchanga hufanana na kinyesi cha ndege, na kwa hila hiyo husalimika; akikua huwa wa kijani. Akichokozwa huchomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali, zisizomdhuru mtu.

Familia ipendayo kuwakaribisha, hata ikiwa inakaa katika nyumba za kambi zenye ua mdogo, yaweza kuanza na mndimu mmoja, pamoja na mrihani ulioachwa utoe maua ili vipepeo wapate utamu wa kunywa. Dawa ya kuua wadudu isinyunyizwe hapo. Mche mchanga waweza kumalizwa majani yote. Basi viwavi wahamishiwe kwa uangalifu kwenye mti mkubwa wa aina hiyo hiyo, ambao hustahimili. Watoto nao waelezwe mapema kwamba atakaye kipepeo hana budi kumvumilia kiwavi.