Oktoba Hii Nina Pesa ya Komiki Moja Tu



Tuanze na hesabu. Toleo la kwanza la komiki siku hizi linaenda karibu dola 5. Kwa bei ya dola ya Septemba hii ya 2024, hiyo ni kama shilingi 645, na hapo hujalipa usafiri. Mimi na mbogi yangu huwa tunaagiza pamoja na kuchanga pesa ya kusafirisha, lakini bado komiki moja ikifika mkononi mwangu imeshapita thao. Kwa msee anayeishi kwa kuhariri video za harusi za watu, thao ni unga, ni tokeni za stima, ni nauli ya siku kadhaa. Kwa hivyo Oktoba hii nina pesa ya komiki moja. Moja tu.

Shida ni kwamba wakubwa wa Marekani wameamua kumwaga kila kitu kwa wakati mmoja. DC wanaanzisha ulimwengu mpya kabisa unaoitwa Absolute, ambapo mashujaa wao watatu wakubwa wamenyang'anywa vitu vilivyowarahisishia maisha. Marvel nao wanampa Storm komiki yake mwenyewe. Zote zinaanza na namba 1, kwa hivyo hata kama hujawahi kusoma komiki maishani unaweza kuingilia hapo bila kuuliza kila dakika "huyu ni nani tena?"

Nitapitia moja moja nikuambie ninavyoona, halafu mwisho nikuonyeshe thao yangu inaenda wapi. Na kitu kimoja unafaa kujua mapema: kwa sasa sina komiki hata moja nyumbani. Nilikuwa na katoni nzima. Tutafika hapo.

Absolute Batman, Oktoba 9

Mwandishi ni Scott Snyder, mchoraji Nick Dragotta. Snyder si mgeni. Ndiye aliyeandika Batman ya 2011, ile iliyoanza na Court of Owls, na wengi wetu tuliingilia kwa huo mlango. Safari hii Batman hana jumba, hana mabilioni, hana mtumishi wa kumletea chai akirudi asubuhi na mbavu zimevunjika. Kwa picha walizotoa, mwili wake umekuwa mkubwa kama mlango wa kontena.

Hii ndiyo itauza kuliko zote, na sishangai. Watu wametania miaka yote kwamba nguvu za Batman ni pesa. Hata kwenye muvi ya Justice League ya 2017 akiulizwa nguvu zake ni zipi, anajibu kwamba ni tajiri. Kwa hivyo swali la Snyder ni zuri: toa pesa, kunabaki nini?

Lakini wacha niseme ukweli. Kwetu, mtu asiye na kitu anayetoka usiku kupigania mtaa wake si wazo la ajabu. Ni jirani. Aprili mwaka huu mto Mathare ulipofurika, fundi mmoja wa kuchomelea milango kwenye ploti yetu alifunga kamba kwenye nguzo ya stima akavuka maji ya kifuani mara nne, na kila akirudi alikuwa na mtoto begani. Kesho yake alikuwa anatafuta mashine yake kwenye matope kama sisi wengine. Hakuna aliyemchorea nembo.

Ndiyo maana nina wasiwasi. Kukosa pesa si pozi. Ukiwa huna, unachoka, unachelewa, unakopa, unaumwa jino miezi miwili. Kama huyu Batman atalipa gharama kama hizo, nitasimama kupiga makofi. Lakini kama toleo la tatu litamkuta na gari la kivita na hakuna anayeeleza limenunuliwa na nini, basi ni yule Batman wa zamani amevaa nguo za mtumba.

Matarajio yangu: 8 kwa 10.

Absolute Wonder Woman, Oktoba 23

Kelly Thompson anaandika, Hayden Sherman anachora. Huyu hana kile kisiwa cha amani wala dada zake wapiganaji. Amelelewa jehanamu, na upanga aliochorewa ni mkubwa kama mtu.

Wasee wanaipita hii kwa sababu macho yote yako kwa Batman. Makosa. Mimi naona swali lake ni gumu zaidi: mtu akilelewa mahali pabaya kabisa, wema anautoa wapi? Kama umekulia mtaa ambao watu wakiusikia wanashika mifuko, unalijua hilo swali. Mimi nimewahi kwenda intavyuu ya kazi nikaandika anwani ya shangazi yangu badala ya yetu. Kila ukifanya jambo zuri wanashangaa, "kumbe huko kuna watu kama nyinyi." Kama Thompson atamwacha Diana ajivunie alikotoka badala ya kuona aibu, hii ndiyo itakuwa bora ya zote tatu za DC. Andika mahali kwamba nilisema.

Matarajio: 9 kwa 10.

Absolute Superman, Novemba 6

Inaangukia Novemba, lakini naihesabu kwa sababu oda inawekwa mapema. Jason Aaron na mchoraji Rafa Sandoval. Huyu Aaron ndiye aliyempa Jane Foster nyundo ya Thor 2014, kwa hivyo kubadilisha mashujaa wa watu anajua.

Hapa siko. Wanasema Superman huyu hana familia wala pa kuita nyumbani. Sasa si ndiyo wametoa moyo wenyewe? Superman hajawahi kunivutia kwa sababu anapaa. Ananivutia kwa sababu wakulima wawili walimwokota shambani wakamlea kama wao, na nguvu zote hizo zikakaa na adabu. Ukitoa hao wazee unabaki na kijana mwenye misuli na hasira, na hao tunao wa kutosha. Naomba Aaron anithibitishie nimekosea.

Matarajio: 6 kwa 10.

Storm, Oktoba 2

Sasa tufike hapa.

Kama unamjua Storm kupitia Halle Berry peke yake, na ile lafudhi aliyojaribu kwenye muvi ya 2000 halafu ikapotea kwenye sehemu ya pili, nipe dakika moja. Storm alitokea mara ya kwanza 1975 kwenye Giant-Size X-Men namba 1, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum. Jina lake ni Ororo Munroe. Mama yake alikuwa binti wa kifalme kutoka Kenya, baba yake mpiga picha wa habari Mmarekani. Alizaliwa New York, akabaki yatima Cairo akiiba ili ale, halafu akatembea kusini hadi huku kwetu.

Mara ya kwanza tunapomwona yuko Kenya. Kuna ukame, watu wamekuja kumwomba mvua, naye anawaletea. Kisha Profesa Xavier anatokea, anamwambia yeye si mungu bali ni mutanti, na anaondoka naye kwenda Marekani. Hivyo tu. Mvua ya Kenya ikabaki bila mwenyewe.

Hiyo stori niliisoma nikiwa na miaka 10. Bro wangu mkubwa aliipata kwenye zile Inama za mjini, pale vitabu vinapangwa chini kando ya barabara na wewe mteja ndiye unainama. Ilikuwa mkusanyiko wa X-Men wa zamani, jalada limetoka, shilingi 150. Nilifurahi vibaya sana. Shujaa Mkenya! Halafu nikaangalia picha tena. Kenya yenyewe ilikuwa nyika na watu wanaoomba. Wakati huohuo nyumbani tulikuwa na Shujaaz, ile komiki iliyoanza 2010 ikija bure na gazeti, na mle kulikuwa na Boyie anayeendesha redio ya siri chumbani mwake na kuongea Sheng kama sisi. Nikamuuliza bro, "Sasa hii ya Storm ni Kenya gani?" Akanijibu, "Ni ile wazungu wanaona wakifunga macho."

Tangu hapo Storm amepanda cheo. 2006 aliolewa na mfalme wa Wakanda, nchi ambayo haipo. 2021 wakampa uongozi wa sayari ya Mars. Mars, wasee! Na susu yangu kule Kitui, ambaye kuanzia mwisho wa 2020 aliona misimu mitano ya mvua ikikataa kwa mfululizo, bado anamngoja. Ni kama wale manesi wetu wanaoenda Uingereza, isipokuwa nesi hutuma kitu nyumbani.

Sasa mwandishi wa hii mpya ni Murewa Ayodele, Mnigeria, na mchoraji ni Lucas Werneck kutoka Brazili. Ayodele na mchoraji mwenzake wa Nigeria, Dotun Akande, ndio waliofanya I Am Iron Man ya Marvel 2023. Najua Nigeria si Kenya, usianze. Lakini ni mtu aliyekulia mahali ambapo mvua si pambo la nyuma ya shujaa. Mvua inaamua kama utakula, kama barabara itapitika, kama utalala.

Na hapo ndipo nirudi kwa ile katoni.

Bro alienda Qatar 2021 kufanya kazi ya ulinzi. Aliniachia komiki zake zote na amri moja: usiuze hata moja. Usiku wa kuamkia Aprili 24 maji yalipoingia nilitoa mama, nikatoa kaka yangu mdogo, nikatoa kompyuta ya kazi. Katoni ilikuwa chini ya kitanda. Asubuhi karatasi zilikuwa uji.

Mvua za msimu ule ziliua zaidi ya watu 200 nchini. Mtaani kwetu kuna waliozika. Sasa mimi ningeanzaje kulilia vitabu? Nikanyamaza. Miezi minne, kila bro akipiga simu anauliza, "Vitabu viko?" na mimi nasema viko. Mwezi uliopita nikashindwa, nikamwambia. Alinyamaza hadi nikasikia feni ya chumba chao. Halafu akauliza, "Na ile ya Storm?"

"Ilienda pia."

"Yaani Storm amebebwa na mvua."

Tulicheka sana, kisha mimi nikalia, na yeye akajifanya hajasikia.

Kwa hivyo ninachotaka kwa hii komiki si Storm ashuke Mathare ukurasa wa kumi na mbili azuie mafuriko kwa mkono mmoja. Hiyo ingeniudhi zaidi. Mvua peke yake haikutufanyia vile. Kuna mitaro iliyoziba miaka na miaka, kuna watu waliouziwa vipande kando ya mto kwa sababu huko ndiko wangeweza kulipa, kuna maonyo yaliyochelewa. Hayo yote ni mambo ya binadamu. Storm anaweza kufukuza wingu, lakini hawezi kuzibua mtaro ambao mtu amekula pesa yake. Shujaa mwenye nguvu za kuamrisha mbingu, akikutana na shida ambayo haiko mbinguni, anafanya nini? Hiyo ndiyo stori ambayo sijawahi kusomewa, na kama kuna mtu anaweza kuiandika ni mtu wa huku.

Anaweza kukosea. Anaweza kuletewa mhariri anayetaka radi kila ukurasa. Na komiki ya Storm ni rahisi kuuawa: ile ya 2014 ya Greg Pak ilikuwa nzuri na bado ilikufa baada ya matoleo 11. Komiki za Marekani huishi kwa oda ambazo maduka yanaweka kabla hata hazijatoka. Ukisoma zile za wizi mtandaoni, na mimi nimesoma nyingi kwa hivyo simhukumu mtu, hesabu yako haiko popote. Kama huna thao, Marvel Unlimited huziweka baada ya kama miezi 3. Afadhali usubiri.

Matarajio: sijui kupa namba. Hii siwezi kuwa refa.

Thao yangu inaenda kwa Storm. Batman nitaazima, kuna msee wa mbogi ameshaagiza. Wonder Woman nitaifanyia kazi ya harusi moja ya ziada. Ikifika, nitampigia bro kwa video nimfungulie ukurasa kwa ukurasa, akiwa zamu ya usiku, na ikiwa mbaya tutaitukana pamoja na nitawaletea matusi yote hapa. Halafu itakaa juu ya kabati. Si chini ya kitanda tena.

Wewe je? Una thao moja, unachukua gani? Na usiniambie Batman kwa sababu tu ni Batman.